Keratini unayolipia saluni iko mgongoni mwa kondoo wa Timau

Jumamosi ukipita Makutano pale Meru, au ukizunguka mitaa ya katikati ya mji wa Embu, inua macho usome mabango ya saluni. Zamani yalitangaza kusuka, kutia dawa na blodrai. Siku hizi kuna neno ambalo kila bango linataka kulibeba: keratini. Unaketi, unafungwa taulo shingoni, msusi anafungua chupa iliyotoka ng'ambo, pasi ya nywele inapata moto, na baada ya saa tatu unatoka nywele zinang'aa na mfuko umekauka. Hatuna shida na hilo, pesa ni zako. Lakini umewahi kuuliza ndani ya ile chupa kulikuwa na nini?

Keratini ni protini. Ndiyo iliyojenga nywele ulizo nazo kichwani, kucha zako, pembe na kwato za ng'ombe, manyoya ya kuku na sufu ya kondoo. Ile ya kwenye chupa aghalabu ilitoka kwenye sufu au manyoya, ikakatwakatwa kwa kemikali hadi ikakubali kuyeyuka majini, ikatiwa manukato, ikabandikwa lebo yenye picha ya mwanamke anayecheka. Na sufu, msomaji wetu, si kitu cha kuagiza kwa meli. Panda matatu ya Nanyuki kutoka Meru mjini. Ukifika Timau, kwenye ubaridi ule unaokufanya ujute kuacha jaketi nyumbani, kuna kondoo wa sufu wanaolishwa kwenye nyanda za ngano na shayiri, Mlima Kenya ukiwatazama kwa nyuma.

Tunachotaka kusema leo ni hiki: kemia ya kutoa keratini kwenye sufu inaeleweka na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa macho darasani, na inaweza kufanywa kwenye maabara za vyuo tulivyo navyo hapa. Kwa kutoijua tunalipa mara mbili, mfukoni na mwilini. Ya mwilini ndiyo inatunyima usingizi zaidi, tutaifikia.

Tuanze na unyuzi wenyewe. Chukua mmoja wa sufu, au ng'oa unywele wako mmoja ukiweza kuvumilia, maana ni ndugu wa damu. Kwa nje umefunikwa na magamba madogo yaliyopangwa kama mabati ya paa, moja likilalia jingine. Ndani kuna nyuzi nyembamba zaidi, na ndani ya hizo kuna minyororo ya protini iliyojisokota kama springi. Kila mnyororo umeundwa kwa asidi amino zilizoshikana mikono. Moja ya hizo inaitwa sisteini, na ndani yake kuna atomu ya salfa. Sisteini mbili zilizo kwenye minyororo tofauti zikikaribiana, salfa zao hushikana zikawa daraja. Sufu ina madaraja haya mengi ajabu: takriban asidi amino moja katika kila kumi ni nusu ya daraja la salfa.

Ndiyo maana nyama choma inalainika na kumeng'enywa tumboni, lakini unywele ulioingia na mchuzi unatoka ulivyoingia. Zote ni protini. Tofauti ni yale madaraja.

Kuna vifungo vingine, vya hidrojeni, ambavyo ni dhaifu na unavijua bila kujua kwamba unavijua. Blodrai inafanya kazi kwa hivyo. Maji na joto vinavifungua, nywele zinanyooka, zikikauka vinajifunga upya zikiwa zimenyooka. Halafu unatoka nje, mvua ya Meru inakunyeshea kuanzia stendi hadi nyumbani, na nywele zinarudi zilivyokuwa kama kwamba hukulipa chochote. Maji yamefungua tena vile vifungo. Daraja la salfa halichezewi namna hiyo. Osha sufu, ianike, ikunje, ivute. Likiwa zima, unyuzi unarudi kwenye umbo lake.

Ukitaka kuthibitisha kwamba salfa iko, choma kipande kidogo cha uzi wa sweta la sufu, kwa uangalifu. Utasikia harufu ya nywele zilizoungua. Choma uzi wa pamba, utasikia karatasi. Akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, kile kikundi cha kusokota na kufuma sufu kilichoanza miaka ya 1970 hatua chache tu kutoka mpaka wa Meru, hawahitaji mtu wa chuo awafundishe tofauti hiyo. Nondo wa nguo pia anaijua. Kiwavi wake ana tumbo lenye kemia inayokata kwanza madaraja ya salfa, kisha vimeng'enya vyake vinamalizia kazi, na wewe unabaki na sweta lenye matundu ukimshuku jirani.

Kiwavi huyo ametupa siri yote. Ukitaka keratini itoke, lazima ukate daraja.

Maabarani mambo huenda hivi. Kwanza unaosha. Sufu mbichi imejaa mafuta, chumvi za jasho, vumbi, mbegu za nyasi na vitu vingine ambavyo kondoo hukaa navyo bila aibu. Sufu ya Merino inaweza kupoteza theluthi hadi nusu ya uzito wake kwa kuoshwa tu. Maji ya moto na sabuni vinatosha, mradi usiisugue ikashikana ikawa blanketi. Na yale mafuta yanayoelea usiyamwage: ni lanolini, ambayo jina lake utalikuta kwenye lebo za mafuta ya watoto na ya midomo. Yaani hata maji machafu ya hatua ya kwanza yana pesa ndani yake.

Kisha unailegeza kwa urea. Naam, urea. Molekuli ni ile ile iliyo kwenye gunia la mbolea ambalo mkulima wa mahindi wa Runyenjes analijua, ila ya maabara imesafishwa zaidi. Inatiwa nyingi sana. Kwenye mapishi yanayotumika mara nyingi, lita moja ya myeyusho hubeba karibu gramu 480 za urea. Kazi yake ni kujipenyeza na kufungua vile vifungo vya hidrojeni ili minyororo iachane nafasi, mkataji apate pa kupita.

Mkataji anayependwa anaitwa sodiamu metabisulfaiti. Jina hilo si geni kwako. Julai 2019 nchi nzima ililisikia kwenye runinga, NTV ilipofichua jinsi lilivyotumiwa kuifanya nyama ya supamaketi ionekane mbichi. Kwenye sufu haina makosa. Ikiingia majini inatoa ayoni za sulfaiti, nazo zinaenda moja kwa moja kwenye daraja. Upande mmoja unabaki na salfa iliyo huru, upande wa pili unabebeshwa kundi la sulfaiti lenye chaji. Daraja limeanguka, na kwa sababu chaji hupenda maji, mnyororo ambao dakika chache zilizopita ulikuwa haujali mvua sasa unaanza kuyeyuka. Nyuzijoto 65, pH karibu 6.5, saa mbili hadi tano ukikoroga. Sufu inalegea, inavimba, inakuwa kama uji mwepesi.

Unachuja mabaki, maana yale magamba ya nje ni sugu na si kila kitu kinayeyuka. Halafu inakuja kazi ya uvumilivu. Myeyusho unamiminwa kwenye mfuko wa utando wenye vitundu vidogo kiasi kwamba urea na chumvi zinapita lakini keratini haipiti. Unauzamisha kwenye maji safi, unabadilisha maji, unabadilisha tena, siku mbili, siku tatu. Ni kanuni ile ile inayosafisha damu ya mgonjwa wa figo kwenye mashine ya dialisisi. Mwisho unaigandisha na kuikausha ikiwa baridi, unabaki na unga mweupe, mwepesi kama vumbi la chaki. Hiyo ndiyo keratini. Ukiikata tena kwa asidi au kwa vimeng'enya ikawa vipande vifupi, unapata ile ya kwenye shampuu.

Njia nyingine zipo. Asidi ya perasetiki, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu, hukata madaraja kabisa yasirudi tena. Salfaidi ya sodiamu ni ya bei nafuu na ndiyo watengenezaji ngozi hutumia kung'oa manyoya kwenye ngozi mbichi, lakini inanuka mayai yaliyooza na ni hatari, usiisogelee. Bakteria wanaokula manyoya hufanya kazi polepole ila safi. Kwetu sisi metabisulfaiti ndiyo ya kuanzia, kwa sababu vifaa vyake ni vile vile vya maabara ya kawaida: bakuli la maji moto lenye kipimajoto, kichujio, utando. Kile cha kukaushia kwenye baridi ndicho ghali, na hata hicho unaweza kukikwepa ukiuza keratini ikiwa bado majimaji.

Hapo tumepita njia ya sufu. Sasa rudi saluni, maana hujatoka kwenye kemia hiyo hiyo.

Dawa ya kunyoosha nywele, ile tuliyokua nayo, kwa kawaida ina hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda, takriban asilimia 2. Maabara za nguo zina kipimo cha kale cha kutofautisha sufu na pamba: unachemsha kitambaa kwenye kostiki soda ya asilimia 5. Ndani ya dakika chache sufu imeyeyuka yote, pamba imebaki imekaa kitako. Linganisha namba hizo mbili, kisha ukumbuke mara ya mwisho msusi alipokusahau na dawa kichwani akienda kupokea simu. Kostiki soda hainyooshi tu. Inang'oa salfa moja kutoka kwenye daraja na kuacha daraja fupi la salfa moja ambalo halirudi nyuma kamwe, ndiyo maana zilizonyooshwa hazijikunji tena na kila wiki kadhaa unarudi kwa ajili ya zile mpya za kwenye mizizi. Na ngozi ya kichwa, ambayo nayo ina keratini, iko pale pale chini ya dawa.

Kuna hadithi inayosimuliwa Marekani kuhusu Garrett Morgan, fundi cherehani Mwafrika wa mji wa Cleveland. Karibu mwaka 1909 alikuwa akitafuta mafuta ya kuzuia sindano ya cherehani isiunguze kitambaa cha sufu. Akapangusa mikono kwenye kipande cha sufu, baadaye akakuta nyuzi zake zimenyooka. Akajaribu kwa mbwa wa jirani, kisha kichwani mwake, na mwaka 1913 akafungua kampuni ya kuuza dawa hiyo ya nywele. Hatuwezi kuapa kwa kila kipande cha hadithi hiyo, ila kikemia inaingia akilini: kinachonyoosha sufu kinanyoosha wewe.

Keratini ya saluni inakwenda njia tofauti, na hapa tunaomba usome polepole. Unga wa protini uliopakwa kwenye unywele haujiungi na unywele kwa sababu tu una jina lile lile. Ukiuosha unatoka. Ili ushikamane miezi mitatu, bidhaa nyingi za aina hii zimetegemea gundi, na gundi hiyo ni fomaldehaidi. Hiyo haikati madaraja. Inajenga mengine mapya, ikifunga protini ya nywele zako na ile ya chupa zikiwa zimenyooshwa na pasi yenye joto la zaidi ya nyuzi 200. Fomaldehaidi ikiwa ndani ya maji ndiyo fomalini, ile ya kuhifadhi maiti. Joto la pasi linaitoa kama mvuke, na macho yanayowasha na koo linalokwaruza saluni nzima siyo "dawa kufanya kazi" kama unavyoambiwa. Ni gesi.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2011 mamlaka za Marekani zilitoa maonyo kuhusu bidhaa za kunyoosha nywele zilizokutwa na kemikali hiyo, baadhi zikiwa na lebo inayosema haimo. Ujanja ni kwamba ikichanganywa na maji inabadilika kuwa methilini glaikoli, na mwenye lebo anaandika jina hilo, au haandiki lolote. Wengine wamehamia asidi ya glaioksiliki, wakatuambia sasa ni salama. Mwaka 2024 jarida kubwa la kitabibu la Marekani lilichapisha kisa cha mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake zilishambuliwa mara tatu, kila mara baada ya kunyooshwa nywele kwa bidhaa yenye asidi hiyo katika saluni moja nchini Tunisia.

Na Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wale ambao hawakuwahi kutumia kemikali za kunyoosha nywele, waliokadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 walikuwa asilimia 1.64. Kwa waliozitumia mara kwa mara, zaidi ya mara nne kwa mwaka, ilikuwa asilimia 4.05. Tuwe wakweli: utafiti ule ulionyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba kemikali ndizo zilizosababisha, na wala haukutaja kemikali moja ukaishika shati. Asilimia 4 pia si hukumu ya kifo. Hatuandiki haya ili ukimbie saluni ukipiga mayowe.

Tunamfikiria zaidi msusi. Wewe unakaa saa tatu kila baada ya miezi mitatu. Yeye, dada wa miaka 22 aliyemaliza kozi ya urembo na kukodi kibanda chenye mlango mmoja na dirisha lililozibwa na bango, anavuta hewa ile Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili mchana kukiwa na harusi. Hakuna aliyemfundisha kwamba mvuke ule una jina. Kozi ilimfundisha kushika pasi. Ukimwambia avae barakoa, wateja wanamuuliza kama anaumwa.

Sasa turudi mlimani, kwa sababu tunaona mambo haya mawili ni moja. Mahali ambapo watu wanaijua sufu yao, mambo huwa tofauti. Leeds, Uingereza, ulikuwa mji wa sufu kama sisi tulivyo watu wa chai na kahawa. Katika miaka ya 1930 William Astbury, wa Chuo Kikuu cha Leeds, aliupiga unyuzi wa sufu eksirei akaona kwamba molekuli zake hubadilisha umbo ukivutwa ukiwa umelowa. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuelewa umbo la protini. Katika mji huo huo, kwenye taasisi ya utafiti wa viwanda vya sufu, Archer Martin na Richard Synge walikuwa wakihangaika kutenganisha asidi amino za sufu. Mwaka 1941 walitoka na mbinu mpya ya kromatografia, na mwaka 1952 wakapewa Nobel ya kemia. Kromatografia ni jamaa wa karibu wa mashine zinazopima mkojo wa wanariadha wetu kutafuta dawa zilizopigwa marufuku. Imetoka kwenye manyoya ya kondoo, kwa watu walioona si aibu kuyachunguza.

Sisi tuna Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru, chenye hati tangu 2013. Tuna Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata yake 2016. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO mjini Embu. Kati yao na Timau ni lami mwendo wote. Wanafunzi wa kemia wa mwaka wa nne kila mwaka wanatafuta mada ya mradi, na wengi wanaishia kupima tena kitu kilichopimwa na wenzao wa mwaka jana. Hivi kweli haiwezekani darasa moja likaagiza magunia mawili ya sufu chafu, ile ya tumboni na ya miguuni ambayo wasokotaji hawaitaki, likaipitisha kwenye urea na metabisulfaiti, likatuambia kilo moja inatoa gramu ngapi na kwa gharama gani? Namba hizo mbili tu. Mjasiriamali hawezi kwenda benki bila hizo.

Tunajua pingamizi. Wakenya wengi wanafuga kondoo wa nyama, Dorper na wale wekundu wa Kimaasai, ambao manyoya yao si sufu ya maana. Sufu ya Timau si nyingi, hatutakuwa New Zealand, na yeyote anayekuahidi kiwanda kikubwa kabla ya uchaguzi ujao anakutania. Viwanda vyetu vya nguo tuliviona vikilala miaka ya 1990 mitumba ilipofunguliwa milango. Lakini keratini haihitaji sufu nzuri. Sufu fupi, chafu, iliyochanika ina madaraja yale yale. Na Embu isiyo na kondoo wa sufu ina kuku. Manyoya ya kuku ni keratini kwa takriban asilimia 90, na yanatupwa kwa magunia nyuma ya machinjio madogo na mikahawa, mbwa wakiyavutavuta. Salfa yake ni kidogo kuliko ya sufu, kwa hivyo hata kuyayeyusha ni rahisi zaidi.

Wala isianzie kichwani mwako. Kabla ya mtu kutuuzia shampuu ya "Fahari ya Meru", aanze na shamba. Keratini ina nitrojeni takriban asilimia 16. Sufu mbovu iliyoyeyushwa, au hata iliyokatwakatwa na kufukiwa tu, hutoa nitrojeni polepole udongoni. Mkulima wa Manyatta anayelalamikia bei ya mbolea kila msimu angependa kuona majaribio hayo kwenye mashamba ya KALRO, na hakuna atakayedai kibali cha vipodozi kwa kitu kinachowekwa kwenye shina la mgomba. Ikifanya kazi hapo, ndipo mtu aende kwa Shirika la Viwango na chupa ya kwanza ya nywele, ikiwa na keratini na bila fomaldehaidi, na lebo iseme wazi kwamba italainisha na kung'arisha, haitanyoosha kwa miezi mitatu. Msusi atalalamika. Tumvumilie.

Neno moja kwa wale ambao tayari wameshafungua YouTube: usijaribu kutoa keratini jikoni kwa mama. Metabisulfaiti ikikutana na asidi hutoa gesi ya dioksidi ya salfa, ambayo mwenye pumu hataisahau. Salfaidi ikikutana na asidi hutoa gesi ya mayai yaliyooza, na hiyo huua mtu kwenye chumba kilichofungwa kabla hajamaliza kulalamika kuhusu harufu. Na maji ya kazi hii yasielekezwe Kathita au Rupingazi. Tumekwisha ona mito yetu ikibeba vya kutosha. Serikali za kaunti zetu mbili, ambazo zinapenda kukata utepe, zinaweza kuanza na kitu kidogo kisicho na utepe: kuwapa wasusi mafunzo ya siku moja, mwanakemia wa chuo akiwa mbele, dirisha likiwa wazi.

Wewe hapo una kazi ya Jumamosi hii. Kabla chupa haijafunguliwa, iombe. Igeuze. Tafuta kwenye yale maandishi madogo ya Kiingereza majina haya, vyovyote yalivyoandikwa: fomaldehaidi, fomalini, methanali, methilini glaikoli, asidi ya glaioksiliki. Ukikuta mojawapo, au ukikuta chupa haina orodha kabisa, omba usukwe twende kilioni na urudishe pesa zilizobaki kwenye M-Pesa. Na dada akikuuliza kwa nini leo una maswali mengi hivyo, mwambie utamweleza, lakini kwanza mshikie kiti apande aondoe lile bango lililoziba dirisha.